Meli Ina Jina, Wapagazi Hawana

Mgeni akishuka Kigoma hukosi kumsimulia Liemba. Nami nimeisimulia mara nyingi, kwa majivuno: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kupakiwa kwenye makasha 5,000, ikaletwa kwa bahari na reli, ikashushwa ziwani Februari 1915 kwa jina Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe. 1924 Waingereza wakaiibua. Hadithi tamu. Nimeichoka.

Nimeichoka kwa sababu jeshi ni tumbo kabla ya kuwa bunduki. Ukiiacha reli, ndorobo waliua farasi na punda, magari hayakuwapo ya kutosha, hivyo unga, risasi, mahema, hata viti vya maofisa vilikwenda kichwani mwa mtu. Naye mtu huyo anakula. Safari ikirefuka anaumaliza mzigo wa chakula alioubeba, ndipo anatafutwa mwingine wa kumbebea mbebaji. Kwa hesabu hiyo Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja Afrika Mashariki. Wabelgiji, walioingia Kigoma Julai 1916, wapatao 260,000. Kumbukumbu za Waingereza zenyewe zinataja vifo vya wapagazi takribani 95,000, wengi kwa kuhara damu, nimonia na njaa.

Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi: wafu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuadhimishwa kwa majina, au hawakuadhimishwa kabisa. Radhi baada ya miaka mia!

Nilipowasilisha pendekezo la tasnifu yangu niliulizwa, "Majina utayapata wapi?" Swali la haki, ila linamwelemea asiyestahili. Aliyemchukua mtu shambani ndiye aliyekuwa na kalamu. Bibi yangu wa Ujiji, akimtaja mjomba wa baba yake, husema tu, "Alichukuliwa kubeba." Jina analo. Hakuna aliyewahi kumwuliza, mimi nikiwemo, mpaka mwaka jana.

Wabelgiji walikaa hapa hadi 1921. Walipoikabidhi Kigoma kwa Waingereza walibakiziwa eneo lao bandarini, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Hiyo faranga iliandikwa.