Sauti ya Kaskazini na Ukimya Wetu



Bunge linapokutana Nairobi, husimama mara kwa mara mbunge wa kaskazini ya nchi yetu akaeleza mambo yale yale: kisima kimekauka, zahanati haina mganga, kituo cha polisi kina askari wachache wasio na gari, na watu wameuawa alfajiri kwa ajili ya mifugo. Waziri hujibu kwamba jambo hilo linashughulikiwa. Wabunge tuliowachagua sisi, watu wa nyanda za juu, husubiri hoja ifuatayo. Twawaandikia kusema kwamba tatizo si kukosekana kwa sauti. Wa kaskazini wamesema tangu zamani. Tatizo ni ukimya wa wengine, na wengine hao ni sisi.

Hali ilivyo

Serikali ya kikoloni iliifanya kaskazini kuwa eneo lililofungwa, ambamo mtu hakuingia wala kutoka bila ruhusa. Uhuru haukulifungua lango hilo. Hali ya hatari ilitangazwa huko mwezi Desemba 1963, na sheria zake zikadumu hadi 1991. Kwa muda wote huo raia wa kaskazini aliijua serikali kwa sura ya askari kabla ya kuijua kwa sura ya mwalimu au mkunga. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10, ambao ulielekeza fedha za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri, mvua na njia za uchukuzi, kwa kuwa huko zingezaa haraka. Ndivyo aliyekuwa nacho alivyoongezewa, na asiye nacho akaambiwa asubiri.

Mwezi Februari 1984 wanaume wa jamii ya Wadegodia walikusanywa na majeshi ya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir. Walizuiliwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Ahmed Khalif, Mbunge wa Wajir Magharibi, alilipeleka jambo hilo Bungeni mwaka huo huo. Serikali ilikiri vifo 57 tu. Ilipofika mwaka 2013, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika kwamba waliokufa walikaribia elfu moja. Mlei Mkatoliki kutoka Italia, Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwatunza wagonjwa wa kifua kikuu mjini Wajir, aliwahudumia majeruhi, akasaidia habari hizo zisizikwe pamoja na maiti. Baadaye alilazimika kuondoka nchini. Basi mbunge alisema, na mlei akashuhudia. Sisi wengine tulikuwa wapi?

Tarehe 12 Julai 2005 watu wenye bunduki walikivamia asubuhi kijiji cha Turbi, kati ya Marsabit na Moyale. Waliuawa watu zaidi ya 50, na zaidi ya 20 kati yao walikuwa watoto wa shule. Wakati huo njia ya kufika huko ilikuwa ya mawe na vumbi. Lami ilifika takriban miaka kumi baadaye. Turbi ilikuwa katika eneo la Bonaya Godana, Mbunge wa North Horr. Tarehe 10 Aprili 2006 yeye na wabunge wengine, pamoja na Askofu William Waqo wa Kanisa la Kianglikana, walipanda ndege ya jeshi kwenda Marsabit kutafuta amani kati ya jamii za huko. Ndege ilianguka, na watu 14 wakafa. Mahasimu wa jana katika siasa walikufa pamoja wakiwa safarini kupatana.

Kutokana na Turbi twajifunza jambo ambalo wakubwa hupenda kulitenganisha: usalama na huduma ni wajibu mmoja. Palipo na barabara, askari hufika kabla ya mauaji kwisha. Palipo na maji ya kutosha, wafugaji hawagombanii kisima kimoja. Palipo na shule, kijana hupata kitu kingine cha kushika mkononi badala ya bunduki. Serikali inayonyima huduma mwaka mzima, kisha ikatuma operesheni na kafyu watu wakisha kufa, haijaleta usalama, imeleta adhabu.

Hoja tunazozisikia

Wako wanaosema, hata katika makanisa yetu, kwamba watu wa huko ni wachache mno kwa gharama inayotakiwa. Twajibu kwamba eneo la North Horr peke yake ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda. Uchache wa watu katika ardhi pana namna hiyo ndiyo sababu ya kuwapa zaidi, kwa kuwa mgonjwa hawezi kutembea siku mbili kuitafuta zahanati. Waelmolo wa Loiyangalani ni miongoni mwa jamii ndogo kabisa nchini. Maji ya Ziwa Turkana yalipopanda katika miaka ya karibuni na kuwahamisha, hawakuwa na kura za kumtisha mtu yeyote. Je, haki yao ipimwe kwa kura? Mchungaji wa Injili hakuhesabu hasara na faida alipomfuata kondoo mmoja.

Wengine husema, waache kwanza kuibiana mifugo, ndipo tuwajengee. Huko ni kumwambia mgonjwa apone kwanza ndipo apewe dawa.

Wengine husema kwamba tangu 2013 kaunti zina fedha zao, na viongozi wa huko ndio wanaozila. Kwa hili hatuwatetei. Kiongozi wa kaskazini anayejenga kisima kwa ukoo wake na kuunyima ukoo wa jirani anawasha moto ule ule anaoulalamikia Bungeni, na yatupasa kumwambia hivyo. Lakini kaunti haiamrishi polisi. Usalama ni kazi ya serikali kuu, na wizi wa gavana haumwondolei waziri wajibu wake.

Yatupasayo kutenda

Katiba ya 2010, ibara ya 204, iliunda Hazina ya Usawazishaji. Kila mwaka nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa hutengwa ili maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa vifikie kiwango cha sehemu nyingine za nchi. Zilizotolewa mpaka sasa ni pungufu sana kuliko zilizostahili kutolewa. Na Hazina hiyo ina mwisho wake: miaka 20 baada ya Katiba kuanza kutumika, yaani Agosti 2030. Bunge laweza kuongeza muda, lakini ni lazima ziungane zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya kaunti katika Seneti. Wabunge wa kaskazini hawafikii idadi hiyo hata wakisimama wote. Kura itakayokosekana yaweza kuwa ya mbunge wetu.

Kwa hiyo twaziomba halmashauri za parokia zimwalike mbunge na seneta wa hapa, zimwulize mbele ya waamini: je, umewahi kuunga mkono hoja ya mwenzako wa kaskazini kuhusu usalama au huduma? Je, utapiga kura gani juu ya Hazina hii? Jibu lake liandikwe na lisomwe katika jumuiya zote, na likumbukwe siku ya uchaguzi. Tukiwaombea ndugu zetu wa kaskazini Jumapili huku tukimchagua asiyewasikiliza, sala yetu itakuwa imetiwa saini na mkono wa kulia na kufutwa na wa kushoto.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Mara ya mwisho tuliposikia habari za mauaji kaskazini, tulisema nini, na tulifanya nini?

2. Hapa kwetu, ni kijiji au ukoo gani mdogo ambao shida zake hazisikilizwi kwa kuwa watu wake ni wachache?

3. Ni nani miongoni mwetu atakayepeleka maswali haya kwa mbunge, na lini?