Gombesa, Samaki Mzee wa Bahari

Juma hili tushuke pamoja katika vilindi vya bahari ya Hindi, mahali mwanga wa jua unapofifia. Humo hukaa samaki ambaye watu wa visiwa vya Komoro humwita gombesa, nao wataalamu humwita silakanti. Ndugu yake wa mbali ni kambare-mamba wa maziwa yetu, yule apumuaye hewa.

Zamani wataalamu walijua tu mifupa yake iliyogeuka mawe, wakadhani kizazi chake kilikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Kumbe sivyo! Mwezi wa Desemba 1938 wavuvi wa Afrika ya Kusini walimvua mmoja karibu na mlango wa mto Chalumna. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji wa East London, alimwona katika rundo la samaki, akamwandikia mtaalamu J.L.B. Smith na kumpelekea picha aliyoichora. Smith akamtambua, akaahidi zawadi ya paundi 100 kwa atakayeleta wa pili. Ikapita miaka 14, hata akapatikana Komoro mwaka 1952. Nao wavuvi wa huko walikuwa wakimjua siku zote; hawakumthamini tu, kwa sababu nyama yake ina mafuta mengi, nayo humharisha mlaji.

Urefu wake waweza kufika karibu mita 2, na uzito kilo 90. Mapezi yake yameshikwa na vikonyo vya nyama mfano wa miguu mifupi, naye huyasogeza kwa kupokezana kama mnyama aendavyo kwa miguu minne. Lakini hatembei chini. Mchana hupumzika pangoni pamoja na wenzake. Usiku hutoka kuwinda, akichukuliwa na mkondo polepole, asipoteze nguvu bure.

Hatagi mayai kama samaki wengi. Watoto wake huzaliwa hai. Mwaka 2021 wataalamu wa Ufaransa walihesabu alama za magamba yake, kama mtu ahesabuvyo duara za gogo la mti. Wakaona kwamba aweza kuishi miaka 100 hivi, kwamba mimba huchukua miaka 5 hivi, na kwamba jike hazai kabla ya kupita miaka 50.

Hapo ndipo ilipo hatari. Tangu mwaka 2003 gombesa wengi wamenaswa Tanzania, hasa Tanga, katika majarife, yaani nyavu za papa zitegwazo kilindini. Mvuvi hamtafuti yeye. Atafuta chakula cha watoto wake. Lakini wavu wa usiku mmoja waweza kumwua mama aliyengoja nusu karne bila kuzaa. Kwa hiyo mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilitenga hifadhi ya bahari huko Tanga kwa ajili yake.

Anayevuna mahindi yote hupanda tena mwaka ujao. Lakini mvule wa babu ukikatwa, aukataye hataona mwingine wa kimo kile. Gombesa ni mvule wa bahari.