Kuiga jirani si utafiti wa soko

Wapo wanaoandika kuwa mwenye mtaji mdogo hana haja ya kuchambua soko: atazame jirani anauza nini, naye aanze. Sikubaliani nao. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, watu wa Mkoa wa Pwani waliongezeka kutoka takriban milioni 1.1 hadi milioni 2. Wateja wapo, ila hawafanani. Kibaha imekaa kwenye Barabara ya Morogoro, na muuza machungwa wa Maili Moja humtegemea sana msafiri. Kisarawe mjini haina mkondo huo wa magari. Duka la pale huishi kwa mkazi anayerudi kila siku, pengine kwa mkopo. Na mazingira hayatulii: tangu treni ya SGR ianze safari za Morogoro mwaka 2024, baadhi ya abiria hawapiti tena mbele ya meza ya mchuuzi.

Watasema utafiti ni gharama. Gharama ipi? Daftari, kalamu, na wiki moja ya kuandika nani anapita saa ngapi, ananunua nini, anaulizia nini akakikosa. Hilo la mwisho jirani hawezi kukuonyesha, kwani kisichouzwa hakionekani mezani pake. Kabla hujalipa kodi ya fremu, hesabu kwanza.