Pikipiki ya Mwalimu Imeenda Wapi?

Nikiwa darasa la tano nilikuwa namsubiri baba mdogo barabarani kila Ijumaa. Alikuwa mratibu elimu kata huko ndani Kilolo, na alitembelea Honda XL kuukuu iliyobaki baada ya mradi mmoja kufungwa. Ndefu, matairi ya meno, injini ya mapezi inayopozwa na upepo tu. Kifuku kikikolea, udongo mwekundu ukiteleza kama sabuni, magari yanalala njiani, yeye anapita. Ikizingua, fundi wa chini ya mlingoti anasafisha kabureta, anabadili plagi, safari inaendelea.

Leo ukiulizia mpya ya aina ile mjini Iringa, muuzaji anakushangaa. Kwa nini?

Juzi kijiweni Kihesa mwenzetu mmoja alisema ni Wazungu na sheria zao za moshi. Kuna ukweli. Ulaya ilikaza viwango: Euro 3 mwaka 2006, Euro 4 mwaka 2016. Injini inayopozwa na upepo, joto lake hupanda na kushuka. Ikipanda mlima polepole upepo hautoshi, kwa hiyo watengenezaji huiongezea petroli kidogo isichemke sana, na ile isiyoungua hutoka na moshi. Yenye maji na rejeta hutunza joto vizuri zaidi, hivyo ni rahisi kuipitisha kwenye vipimo. Zile Yamaha DT za zamani, zilizochoma oili pamoja na petroli, ndizo zilikwama kabisa. Hata Japani, Yamaha Serow iliyoanza 1985 ilifika toleo la mwisho 2020. Na tuseme ukweli, moshi ule haukuwa marashi.

Lakini kwetu hoja hiyo haitoshi. Tazama kijiwe hichohicho: Boxer na TVS zimejipanga, na zinapozwa na upepo vilevile! Euro 4 haikuzizuia kufika Kihesa. Tulichopoteza ni ule mwili wa porini: kimo, shokapu ndefu, tairi linalong'ata tope. Tumekipoteza kwa sababu dukani huletwa kile mwenye hela anachotaka. Zamani mnunuzi mkubwa alikuwa mradi, zile namba za DFP, zikiwabeba mabwana shamba na watu wa maji. Baadaye mnunuzi mkubwa akawa bodaboda. Yeye anataka bei nafuu, mafuta kidogo na siti ya abiria. Hana kosa, anatafuta riziki.

Mwalimu wa kijijini ndiye hayumo kwenye hesabu hiyo. XL ya baba mdogo ilipokufa kwa kukosa vipuri mwaka 2015, alijichanga akanunua ya barabarani. Kifuku cha kwanza akaiacha kwa watu, akatembea kwa miguu. Shule mbili za mwisho wa kata hazikumwona kuanzia Januari mpaka Aprili. Moja ilikuwa na walimu wawili tu, na mmoja alikuwa mgonjwa. Nani angejua?

Mwaka 2018 serikali iligawa pikipiki zaidi ya 2,800 kwa waratibu elimu kata nchi nzima. Jambo jema, nalisifu. Ninachoomba ni kwamba kila zinaponunuliwa nyingine, tusihesabu idadi peke yake. Tuulize: ina kimo gani? Tairi gani? Vipuri vinapatikana Iringa, au mpaka Dar? Pikipiki rahisi za aina hiyo, kama Yamaha AG200 iliyobuniwa kwa ajili ya wakulima, zinahitaji mnunuzi wa kuziagiza kwa wingi. Mtu mmoja hawezi kubadili soko, ila halmashauri inayonunua kwa pamoja ina sauti.

Najua mtasema tujenge barabara kwanza. Sawa, lami ije hata kesho. Ila kifuku hakisubiri mkandarasi, na mtoto wa darasa la pili hasubiri bajeti.

Sisi wa ualimu tukipata boom tunabishana simu gani ina kamera kali. Tubishane na hili pia, maana ndiyo kazi inayotusubiri. Mwakani naomba ajira, na nikipangiwa Kilolo naenda. Ila natamani siku moja ya mwezi Machi, nikiwa darasani, nisikie mlio ukipanda kile kilima, nijue mratibu amefika.