Nani Huchuja Watoto Darasani?

Wanachuo wengi huja wakiamini kwamba mtihani ni mizani isiyopendelea: asiyefaulu ni mvivu, au hana akili. Imani hiyo huwastarehesha waliofaulu, nasi walimu tumo miongoni mwao. Lakini wapo wataalamu wa elimu-jamii waliokwisha kuipinga. Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Samuel Bowles na Herbert Gintis, walieleza kwamba shule katika nchi ya kibepari hufuata mpangilio wa mahali pa kazi: watoto wa wafanyakazi huzoezwa kutii, na watoto wa wakubwa huzoezwa kuamua. Naye Pierre Bourdieu wa Ufaransa alionyesha kuwa shule huthamini lugha na tabia ambazo watoto wa wenye nafasi wametoka nazo nyumbani, kisha huziita kipaji.

Hapa kwetu matabaka hayo yaliwahi kuandikwa mlangoni. Tanganyika ya wakoloni ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Mgawanyo huo ulifutwa mwanzoni mwa mwaka 1962. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ikakosoa shule zinazowaandaa wachache na kuwasahau wengi.

Rangi iliondoka, lugha ikabaki. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukikuta Kiingereza sekondari kama ukuta, ilhali mwenzake aliyelipiwa masomo ya Kiingereza tangu darasa la kwanza huona mlango. Hatimaye hufanya mtihani mmoja, nasi husema wameshindana kwa haki!

Hata hivyo siikubali nadharia hii yote. Kama shule ingekuwa mashine tupu, mwalimu angekuwa parafujo tu, naye angepata udhuru wa kutojali. Yafaa basi kila mwanachuo, awapo katika mazoezi ya kufundisha, achunguze: ni nani huketi mbele, ni nani huulizwa swali la "kwa nini", na ni nani hutumwa kuteka maji wakati wa hesabu?

Mimi niliwahi kuandika, kwa juma zima, majina ya wale niliowauliza. Karibu wote walikuwa wenye viatu. Juma lililofuata nilianzia safu ya nyuma. Mtoto wa kwanza alisimama kimya muda mrefu, wenzake wakaanza kucheka. Nikawanyamazisha, nikaendelea kumngoja.