Chuma hakinyooshi bodi iliyopinda

Wenzangu tuliorejea nyumbani na tunaovuka Busia na Malaba kutafuta riziki, tusidanganyane. Gari dogo likijazwa magunia na kupigwa na mashimo, huumia mahali tusipopaona: chini ya boneti, pale bodi inaposhikilia shokapu za mbele kwa juu. Bati hilo likiegemea ndani, gurudumu hulala na tairi huliwa upande wa ndani.

Hapa Kampala fundi mmoja aliniuzia chuma cha kuunganisha pande hizo mbili, akakifunga juu ya bati lililopinda. Nikalipa, nikaondoka nikifurahi. Karibu na Jinja tairi ikapasuka nikiwa na abiria watatu. Mungu alitunusuru. Chuma kile kilikuwa kimeshikilia kasoro tu.

Kazi ina utaratibu wake. Pande zote mbili zipimwe na kulinganishwa, bati livutwe lirudi mahali pake, nyufa zichomelewe. Ndipo chuma kifungwe, na mwisho magurudumu yapimwe alaimenti. Soko la Kisekka lina spea na mafundi, lakini simama uone kazi ikifanyika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.