Ziwa Kubwa, Mlango Mmoja

Kuna kauli imezoeleka huku Kanda ya Ziwa: "Ziwa lenyewe kubwa vile, litachafuliwa na nini?" Wanachuo wenzangu, hesabu hiyo haiko sawa, na sisi tunaosomea ualimu ndio tunaopaswa kuisahihisha.

Ziwa Victoria lina karibu kilomita za mraba 68,800, ila kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Maji yake mengi huletwa na mvua, na mengi huondoka kwa kugeuka mvuke. Mlango wa kutokea ni mmoja, Mto Nile pale Jinja. Sasa jiulize: risasi na shaba zinazoingia na majitaka zinaondokaje? Jua hunyanyua maji, risasi inabaki. Kidogo hutoka na Nile, nyingine hushuka na kukaa kwenye tope. Oksijeni ikipungua chini, mfano pale gugumaji linapooza, baadhi ya metali huachia tope na kurudi majini.

Zebaki ndiyo inatisha zaidi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Geita, huitumia kunasa dhahabu. Wakiichoma, mvuke wake hupaa na baadaye kurudi na mvua. Inayobaki kwenye marudio husombwa hadi mtoni. Bakteria wa kwenye tope huigeuza kuwa sumu inayoingia mwilini kirahisi. Samaki wadogo wanakuwa nayo kidogo, sangara anayewala anakuwa nayo zaidi, kisha zamu yetu. Anayeumia kuliko wote ni mtoto aliye tumboni, maana sumu hii hushambulia ubongo unaokua. Minamata, Japani, walilijua hilo kwa uchungu kuanzia mwaka 1956, baada ya kiwanda kumwaga zebaki baharini.

Sisemi tuache samaki, wala mchimbaji afukuzwe. Naye anatafuta ada ya mtoto. Lakini vyombo vya kunasa mvuke wa zebaki vipo, na Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata. Basi vyombo hivyo vimfikie mchimbaji shimoni, visiishie kwenye semina za mjini.

Na sisi je? Mzunguko wa maji tunaufundisha hadi mvua inyeshe, tunafuta ubao. Tukipangiwa shule za kando ya ziwa, tuongeze swali moja tu: maji yakipaa, nini kinabaki?